Kuingia nchi bila viza na kuzidisha muda wa matembezi: maswali kutoka Ruangwa na Nachingwea



Maswali tunayoyapata kutoka Ruangwa na Nachingwea kuhusu safari na mipaka aghlabu ni ya aina mbili. Kuna kijana anayetaka kuvuka Mto Ruvuma kwenda kutafuta riziki Cabo Delgado, na hana pasipoti. Na kuna mwenye leseni ya uchimbaji mdogo aliye na mgeni kutoka nje: mgeni kaingia kwa viza ya utalii, siku zake zimekwisha, na bado yuko machimboni. Wote wanauliza kitu kimoja: hili ni dhambi mbele ya Allaah, au ni kosa la serikali tu?

Viza ni jina jipya la jambo ambalo mafakihi walilijua tangu zamani, nalo ni amani, yaani ahadi ya usalama anayopewa mgeni ili aingie katika nchi isiyo yake. Mtume mwenyewe aliporudi kutoka Twaif hakuingia Makka, mji aliozaliwa, mpaka alipopata himaya ya Mut'im bin 'Adiy, naye alikuwa mushrik. Na Imam an-Nawawi katika Minhaji, kitabu kinachosomeshwa sana katika madrasa zetu za Unguja na Pemba, ameeleza kuwa muda wa amani usizidi miezi minne. Basi mwenye kudhani kuwa kumwekea mgeni siku ni bid'a ya wazungu, kitabu cha madhehebu yake kinamjibu. Tanzania leo inatoa siku 90 kwa mwenye viza ya kawaida.

Amani hiyo ni mkataba wenye pande mbili. Mwenye nchi anaahidi kutomdhuru mgeni, na mgeni anaahidi kushika masharti aliyoingia nayo. Ibn Qudama katika al-Mughni amesema wazi kuwa Muislamu aliyeingia nchi ya adui kwa amani haruhusiwi kuwakhini watu wake. Ikiwa hivyo ni kwa adui, itakuwaje kwa jirani? Na aya ya mwanzo ya Suratul Maida inaamrisha kutimiza mikataba, bila kuuliza mkataba huo umefungwa na nani. Hudhayfa bin al-Yaman alikamatwa na Maquraysh kabla ya Badr, wakamwachia kwa ahadi kuwa hatopigana nao. Mtume alimwamuru aitimize ahadi ile, na siku hiyo kila mtu mmoja alikuwa anahitajika.

Kwa hiyo anayejaza fomu kuwa anakwenda kutembea, na moyoni amenuia kufanya kazi, amesema uongo na amevunja ahadi. Haya ni madhambi mawili, wala hayaondoki kwa kuwa waliofanya hivyo ni wengi. Tunawaambia haya pia vijana wetu wa Zanzibar waendao Oman kwa viza ya matembezi wakitumai kuibadilisha huko. Tangu mwisho wa Oktoba 2023 Oman ilisimamisha kubadilisha viza za aina hiyo kuwa za kazi, na aliyekwenda kwa matumaini hayo hubaki kujificha.

Sasa tumrudie kijana wa Ruvuma. Wengi hawajui kuwa Mtanzania haombi viza kwenda Msumbiji kwa matembezi, wala raia wa Msumbiji haombi viza kuja kwetu. Lakini kusamehewa viza si kusamehewa mlango. Inatakiwa hati ya kusafiria na mhuri wa uhamiaji, na kwa atokaye Nachingwea njia ipo: Masasi, Mangaka, kisha Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja lililofunguliwa 2010. Anayeuacha mlango huo akapanda mtumbwi usiku amejitia katika hatari bila dharura. Mapema 2017 Watanzania wengi walifukuzwa kutoka machimbo ya rubi ya Montepuez, na wapo waliorudi bila kitu mkononi. Aliyeingia kwa kujificha akidhulumiwa hana pa kushitaki.

Husemwa: mpaka ule ni wa Wajerumani na Wareno, waliuchora 1886, na Wamakonde, Wayao na Wamakua wako pande zote mbili. Ni kweli, na tunaona uchungu wake. Lakini watu wa leo wa pande mbili wanaishi kwa mikataba ya leo, na ndani yake wamepeana haki zao. Kuivunja hakumrudishii mtu ardhi ya babu yake.

Mkimbizi si katika hawa. Suratu Tawba, aya ya sita, inaamrisha kumpa himaya hata mushrik aliyeiomba, kisha kumfikisha mahali pake pa amani. Watu wa Nachingwea hawahitaji kufundishwa hili, kwani wapiganaji wa FRELIMO walikuwa na kambi yao kuu hapo miaka ya vita vya ukombozi. Nasi Wazanzibari hatujasahau Januari 2001, ndugu zetu wa Pemba walipokimbilia Shimoni, Kenya, bila kuulizwa karatasi. Anayekimbia vita vya Cabo Delgado hana dhambi kwa kuvuka alipoweza. Lakini asibaki kimya. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka ajitokeze ndani ya siku saba, na ofisi ya kijiji inatosha kwa kuanzia. Ama anayejilipua kwa kubuni vita ambavyo hakuviona, huyo anakula haki ya mkimbizi wa kweli.

Swali la mwenye leseni ya machimbo ndilo zito zaidi. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania peke yake, na amri ya Julai 2025 imewakataza wasio raia uchimbaji mdogo, na pia kununua mazao shambani, jambo linalowagusa wakulima wa korosho na ufuta wa huko. Raia anayemsaidia mgeni katika biashara hizo ana faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Yote haya yako kwenye sheria. Kwa upande wa fiqhi, anayeazima jina lake ili la mgeni lisionekane anatoa ushahidi wa uongo, na malipo anayopewa ni bei ya uongo huo. Hatuoni kuwa ni halali, hata kama sehemu yake imejengea msikiti. Mgeni mwenye utaalamu anaweza kuletwa kihalali kwa kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Gharama yake ni kubwa, tunajua, lakini hiyo si dharura ya kisheria.

Je, mshahara wa aliyezidisha siku ni haramu? Ikiwa kazi yenyewe ni ya halali, kama kujenga au kupika, ujira ni haki yake, na aliyemwajiri akimnyima kwa kisingizio cha viza amedhulumu. Dhambi iko katika kuvunja ahadi.

Na swala je? Katika madhehebu ya Shafi'i msafiri wa maasi hapewi ruhusa ya kupunguza swala. Lakini wanazuoni wametenganisha kati ya ambaye safari yenyewe ni maasi na aliyeasi ndani ya safari. Aliyekwenda kumtazama mama yake mgonjwa ng'ambo ya Ruvuma akapita pasipo mlango, kusudio lake ni jema na anapunguza, ingawa ameasi kwa njia aliyopita. Aliyetoka kwa ajili ya magendo tu anaswali kamili.

Aliye katika hali hii leo, ikiwa siku zake hazijesha aende ofisi ya uhamiaji aombe kuongezewa kabla hazijamalizika. Zikiwa zimekwisha, atafute wakili au mtu mwenye elimu ya mambo hayo, ajitokeze, alipe faini na aondoke au arekebishe hati. Mwenyeji wake asimfiche, wala asimdhulumu mali yake kwa kumtishia kumripoti. Wallaahu a'lam.