Ngoma Zilizobaki Bila Watemi

Mgeni afikaye Mwanza aghalabu huonyeshwa kwanza mawe yaliyosimama ziwani, hasa lile la Bismarck, kisha huvushwa hadi kisiwa cha Saanane. Baada ya hapo hushika njia yake: ama avuke daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, aelekee Geita penye dhahabu, ama ateremke Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940. Wachache hukumbuka kuwa nchi hii ina hazina nyingine isiyochimbwa ardhini, nayo ni ngoma.

Katika Usukuma, ngoma ya enzi ilikuwa alama ya utawala wa mtemi, kama siwa ilivyokuwa Pate na Lamu, na kama zilivyokuwa ngoma na siwa za Mwinyi Mkuu wa Dunga, kisiwani Unguja. Wakoloni hawakuung'oa utemi, waliutumia. Mwaka 1945 Kidaha Makwaia, mtemi wa Busiha huko Shinyanga, alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Lakini mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliufuta utemi kwa sheria. Mtemi akawa raia kama raia wengine, na ngoma yake ikabaki mti na ngozi.

Nasaba ya Mwinyi Mkuu ilipokatika mwaka 1873, ngoma zake nazo zilikosa mwenyewe. Hatimaye zikaishia kwenye makumbusho. Ngoma za Usukuma zilipata makazi Bujora, karibu na Kisesa, kando ya barabara iendayo Musoma. Hapo padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, akishirikiana na wazee wa Kisukuma, alianzisha makumbusho mwaka 1968. Ngoma za watemi zimehifadhiwa katika jengo lenye umbo la kiti cha enzi, na kanisa la hapo limejengwa kwa mfano wa msonge.

Hata hivyo, kuhifadhi si kuhuisha. Kinachoipa Bujora uhai ni uwanja wake. Mwezi Juni, katika sherehe za Bulabo, Bagika na Bagalu hukutana kushindana. Hivyo ni vyama viwili vya wachezaji ambavyo asili yake ni waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, wengine wakiwa na chatu mabegani, na ushindi ni wa upande uliovuta umati mkubwa zaidi.

Hapo ndipo historia ilipogeuka. Ngoma ya mtemi iliwaita watu kwa amri, na amri ile ilikoma mwaka 1963. Ngoma ya uwanjani huwaita kwa utamu wake tu, wala hakuna sheria iliyoweza kuinyamazisha.