Karamu Chini ya Severn

Ilikuwa tarehe 16 Juni, siku mito ya Uingereza inapofunguliwa kwa wavuvi wa ndoana, na jirani yangu mzee alinipeleka Bewdley kwenye mto Severn. Akanipa kikopo cha plastiki chenye matundu, ubavuni kimebeba risasi. Akakijaza funza hai, akakiziba, akakitupa katikati ya mkondo. Funza hujipenyeza mmoja mmoja na kusombwa hadi ilipolala ndoana, nayo ina funza wake. Samaki anapandisha akifuata chakula, kikopo hakioni.

Utotoni Mwanza tulikuwa tukifinyanga donge la pumba juu ya chubwi kuvulia kambare, tukidhani ni akili yetu peke yetu.

Waingereza walianza kulisha samaki kwa viganja. Katika The Compleat Angler, kitabu cha Izaak Walton kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1653, mvuvi wa samaki aitwaye brimu anaelekezwa kuchemsha kimea cha shayiri, kukichuja kwa mfuko, maji yake ampe farasi, kisha makapi ayakamue na kuyatupa mtoni saa mbili au saa tatu usiku. Kuvua ni alfajiri. (Hapo aliyefaidi bila wasiwasi ni farasi.) Tabu ni mkondo: unalisha hapa, anayeshiba yuko kwa mwenzako huko chini. Kikopo kilikuja kutibu hilo, chakula na ndoana vishuke pamoja.

Tuliyemfuata siku hiyo ni barbeli, mwenye sharubu nne za kupapasia changarawe, ukoo mmoja na kuyu wa kwetu. Hakuwa mwenyeji wa Severn. Zama za barafu mito ya mashariki iliungana na Rhine, naye akapitia huko. Severn, unaomwaga magharibi, ukamkosa. Mwaka 1956 gazeti la Angling Times lilileta barbeli 509 kutoka mto Kennet. Wakazaana. Kufikia miaka ya 1970 kingo zilijaa watu na vikopo vyao, na funza wakapimwa dukani kwa painti kama maziwa. Hata leo ni hivyo.

Jioni fimbo ikapinda. Mzee akamshika barbeli majini, kichwa kikielekea mkondo, mpaka akapata nguvu, akamwachia. Roho iliniuma. Nikamuuliza kwa nini hawamli.

“Mayai yake yanaharisha.”

“Na nyama?”

Akafikiri kidogo. “Miiba,” akasema, akaanza kujaza kikopo.