Kucharaza

Kucharaza ni kupiga ala ya muziki kwa ustadi. Pia ni kumtandika mtu fimbo. Kwa kibodi nalipenda neno hili kuliko "kutaipu", hasa kibodi ya kimakanika, ambayo kila kitufe kina swichi na springi yake. Zile za kawaida hutegemea utando mmoja wa mpira. Mchapaji wa steshenari pale Bariadi, anayeandika barua za kuomba kazi na mikataba ya mashamba kutwa nzima, tofauti hiyo ataisikia vidoleni. Mwenye fedha kidogo atafute ya bei nafuu yenye swichi za kuchomoa: herufi A, inayotumika kuliko zote katika Kiswahili, ikichoka, atabadilisha swichi hiyo moja tu.