Merikebu ya Angani Isiyofika

Wasomaji wetu wa Arusha wanalijua boma la zamani lililo mjini, ambalo sasa ni nyumba ya makumbusho. Wadachi walilijenga mwaka 1900 kwa kazi ya shuruti ya Waarusha na Wameru. Machi 1916 Waingereza waliutwaa mji, na jeshi la Kidachi chini ya Paul von Lettow-Vorbeck likarudi kusini, hata mwisho wa 1917 likawa limesukumwa karibu na mto Ruvuma. Njia ya bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza. Risasi na dawa zilikuwa haba.

Ndipo serikali ya Ujerumani ilipoazimu jambo lisilopata kufanywa: kupeleka shehena kutoka Ulaya kwa njia ya anga. Shauri lilitoka kwa daktari Max Zupitza, aliyewahi kufanya kazi katika koloni hili. Chombo cha kwanza, L 57, kiliharibiwa na dhoruba Oktoba 1917. Cha pili, L 59, kikaongezwa urefu hata kikafika mita 226. Kilielea kwa haidrojeni, gesi iliyo nyepesi kuliko hewa, kikasukumwa na injini tano. Kwa kuwa huku hapakuwa na gesi ya kukijaza tena, kilikusudiwa safari moja tu, kisha kivunjwe: kitambaa cha nje kiwe mahema, cha ndani kiwe bandeji, mifupa yake ya aluminiamu iwe milingoti ya simu ya upepo, na ngozi ya ujia wake ishonwe viatu.

Tarehe 21 Novemba 1917 kiliondoka Jamboli, katika nchi ya Bulgaria, kikiwa na watu 22 chini ya Ludwig Bockholt, na shehena ya tani 15 hivi. Kilivuka bahari, kikapita jangwa la Misri. Kilipokuwa magharibi ya Khartoum, amri ilikuja kwa simu ya upepo: rudini. Tarehe 25 kilitua Jamboli tena, baada ya saa 95 na kilometa 6,757 bila kugusa nchi. Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma, akaingia nchi ya Wareno. Aprili 1918 chombo kiliungua juu ya bahari karibu na Italia, na wote waliokuwamo wakafa.

Wajuzi wa elimu ya anga hukisifu, nao wana haki. Lakini sisi na tufanye hesabu nyingine. Tukiuchukua mzigo wa mpagazi mmoja kuwa kilo 25, tani 15 ni mizigo ya watu 600 tu. Katika vita hivyo pande zote mbili zilichukua wapagazi kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu yao wakafa kwa kuhara damu, malaria na njaa. Ngozi ya chombo ilihesabiwa hata kipande cha viatu. Wapagazi wengi hawakuandikwa hata majina.

Basi, ndugu msomaji, kama katika ukoo wako kuna habari za babu aliyechukuliwa upagazi akarudi, au asirudi, uliza jina lake na njia aliyoipita, uandike.