Ababari: Wapasuaji wa Vichwa katika Nchi ya Gusii

Tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, daktari Christiaan Barnard alitoa moyo katika mwili wa marehemu akautia kifuani mwa Louis Washkansky, na kabla mwezi ule haujaisha taarifa ya kazi yake ilikuwa imekwisha chapwa katika jarida la madaktari la Afrika Kusini, ingawa mgonjwa mwenyewe alikuwa amefariki kwa homa ya mapafu baada ya siku 18. Mwaka huohuo kilitolewa kitabu kikubwa cha wanazuoni juu ya maradhi ya kale, na ndani yake mlikuwa na sura ya daktari Edward Margetts, raia wa Kanada aliyepata kufanya kazi katika hospitali ya Mathari, Nairobi, ambayo ilieleza jinsi wenyeji wa Afrika ya Mashariki, na hasa Abagusii wa Kenya, walivyokuwa wakipasua fuvu la kichwa cha mtu aliye hai, naye akapona. Jina la Barnard lilizunguka dunia kwa siku moja. Majina ya wapasuaji wa Gusii ni wachache mno wayajuao, hata miongoni mwa vijana wa Kisii na Nyamira.

Fundi wa upasuaji huo huitwa omobari, na wakiwa wengi ni ababari. Elimu yake aghalabu ilikuwa ni mirathi: mwana alimfuata baba yake, akishika vyombo na kutazama kwa miaka, hata akaaminiwa kushika kisu. Wala haikuwa ajabu kazi hiyo kukua katika milima ile, kwa kuwa Abagusii walipakana na Wakipsigis na Wamaasai, wakanyang'anyana ng'ombe vizazi kwa vizazi, na vijana wao walilala katika maboma ya mifugo yaitwayo ebisarate, tayari kwa vita, mpaka serikali ya Kiingereza ilipoyavunja mwanzoni mwa karne ya ishirini. Rungu likishuka juu ya kichwa huacha mfupa umepasuka, na baadaye, hata jeraha likisha kufunga, huacha maumivu yasiyomwachia mtu kulala wala kulima. Na maumivu hayo ya kichwa baada ya pigo ndiyo yaliyowapeleka wagonjwa wengi kwa omobari, hata zama za vita zilipokwisha.

Mgonjwa alilazwa nje, penye mwanga wa mchana, jamaa zake wakimshika, maana dawa ya usingizi haikuwapo. Omobari alichana ngozi, akaikunjua kando, akazuia damu kwa kuikandamiza na kwa dawa za miti, kisha akaanza kuukwangua mfupa kwa chombo kidogo cha chuma, polepole, tabaka baada ya tabaka, huku akiuosha, akiutafuta ufa na kuondoa vipande vilivyovunjika. Hapo ndipo ilipodhihiri daraja ya fundi, kwani chini ya mfupa kuna utando uufunikao ubongo, na mkono ukizidi kidogo tu ukautoboa, uchafu huweza kuingia na mtu akafa. Naye omobari aliujua utando huo, akauogopa, akakoma hapo. Margetts na wengine waliofuata walishuhudia kwamba vifo vilikuwa vichache, na kwamba wako waliofanyiwa upasuaji mara kadhaa, wakaendelea kuishi na sehemu kubwa ya fuvu ikiwa wazi chini ya ngozi. Kwangu mimi huo ni ushahidi wa kutosha kwamba palikuwa na elimu iliyopimwa kwa tajiriba, na anayeiita bahati nasibu hajautazama.

Daktari Grounds aliandika juu yao katika jarida la madaktari la Afrika ya Mashariki mwaka 1958, na David Furnas pamoja na wenzake wakachapisha uchunguzi mrefu mwaka 1985, ilhali wakati huo kazi hiyo ilikuwa ingali ikifanywa. Waandishi hao tunawashukuru, kwani pasipo wao tungekuwa na hikaya tupu. Lakini katika kurasa za namna hiyo fundi mwenyewe hutokea kama kitu kilichotazamwa, si kama mwalimu aliyefundisha. Ndivyo ilivyokuwa pia Bunyoro, katika Uganda ya leo, ambako msafiri Mwingereza Robert Felkin alimwona mnamo 1879 mganga akimtoa mtoto kwa kulipasua tumbo la mama, akaichapisha habari hiyo mwaka 1884, na jina la mganga halikuandikwa.

Kuipenda kazi ya ababari hakumlazimu mtu kumpeleka mgonjwa wake kwao leo. Mwenye jeraha la kichwa na apelekwe hospitali, Kisii au kwingineko, penye picha za eksirei, dawa ya usingizi na damu ya kuongezwa. Lakini wazee waliowaona mafundi hao wanazidi kupungua, na vyombo vyao huenda vimo darini pamoja na majembe mabovu. Wanafunzi wa tiba na wa historia wa Chuo Kikuu cha Kisii, nendeni kwa wazee hao sasa, mwandike majina ya ababari, koo zao, miti waliyoitumia na maneno waliyowafundishia wana wao, kwa Ekegusii na kwa Kiswahili.