Mkandaji na Miiko ya Kazi Yake

Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilikwisha kuvitaja vitenzi kanda na chua. Mtenzi ndiye asiye na jina moja: mkandaji, mchuaji, au "mtu wa masaji"? Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Karani wa Songambele, Kyerwa, akitakiwa kuorodhesha watoa huduma, ataandika lipi? Na miiko ya ridhaa, staha na siri itamfunga nani? Twapendekeza mkandaji, kwani mzazi hukandwa kwa maji ya moto, na heshima ya kazi hiyo yajulikana. Masaji limekwisha kuchafuliwa mitaani. Mkunga naye aliingia katika Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 kwa jina lake la nyumbani.