Hepesi: huduma ya nyumbani

Hepesi ni ugonjwa wa kuambukiza unaoleta malengelenge yenye maumivu mdomoni au sehemu za siri. Husababishwa na virusi vya aina mbili, HSV-1 na HSV-2. Virusi hivyo hujificha katika mishipa ya fahamu maisha yote, na malengelenge yanaweza kurudi mara kwa mara.

Nyumbani, mgonjwa huosha vidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, huvikausha taratibu na huvaa nguo za pamba zisizobana. Parasetamo hupunguza maumivu. Mkojo ukichoma, kumimina maji sehemu hiyo wakati wa kukojoa huleta nafuu. Mikono ioshwe kila inapogusa vidonda, na macho yasiguswe. Ngono iepukwe mpaka vidonda vipone kabisa. Kondomu hupunguza hatari ya kuambukiza lakini haiiondoi.

Dawa ya asiklovia haiponyi ugonjwa, ila hufupisha muda wake, hasa ikianzwa ndani ya saa 24 tangu dalili zitokee. Mjamzito, mwenye kinga dhaifu, au anayeumwa jicho, au anayeumwa sana kichwa pamoja na shingo kukakamaa, aende hospitali mara moja.